Tukishindwa Itakuwaje? Swali la Kumwuliza Wakili wa Uhamiaji

Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni

Ndugu wasikilizaji, katika barua mnazoniandikia limejitokeza swali moja ambalo halikomi. Wapo wenye kaka au binti aliyeko Marekani ambaye karatasi zake zimeingia matatani. Wapo waliokwenda ubalozini kuomba viza wakanyimwa. Na wapo waliokwisha toa fedha zao kwa bwana mmoja mwenye ofisi nzuri ambaye sasa hapokei simu. Wote hao wanauliza: wakili wa uhamiaji hupatikanaje, na mtu atajuaje kwamba aliyempata ni wakili kweli?

Ningeweza kulijibu swali hilo kwa dakika mbili, lakini jibu la dakika mbili husahaulika kwa dakika mbili. Nimeona afadhali tulitafute jibu katika historia, kwa sababu kazi hii ya wakili wa uhamiaji ina chimbuko lake, na chimbuko hilo haliko kwa wakubwa. Liko katika mtaa wa Wachina, miongoni mwa madobi, wapishi na wachuuzi wa mji wa San Francisco, zaidi ya karne moja iliyopita. Watu hao walifanya mambo ambayo yafaa tuyaige, na walipata hasara moja ambayo yafaa tuikwepe.

Wachina walianza kwenda California kwa wingi baada ya dhahabu kugunduliwa huko mwaka 1848. Walichimba madini, wakajenga sehemu ngumu ya reli iliyokamilika mwaka 1869 na kuunganisha pande mbili za bara lile, kisha wakaingia mijini kufua nguo, kupika na kuuza duka. Kazi zilipokuwa haba katika miaka ya 1870, wenyeji walitafuta wa kumlaumu, na mnyonge hakosi kulaumiwa. Mwaka 1882 Rais Chester Arthur alitia sahihi sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie nchini kwa muda wa miaka 10. Sheria hiyo iliongezwa na kuongezwa, na haikufutwa mpaka mwaka 1943.

Sasa tuangalie kwa makini sheria hiyo ilivyokuwa. Ilimzuia kibarua, lakini haikumzuia mfanyabiashara, mwalimu, mwanafunzi wala msafiri. Ilimzuia mgeni mpya, lakini kibarua aliyekuwapo nchini tangu zamani aliweza kwenda kwao na kurudi, ili mradi awe na cheti. Basi meli ilipotia nanga, ofisa wa forodha ndiye aliyeamua: huyu ni mfanyabiashara au ni kibarua aliyevaa kanzu ya mfanyabiashara? Huyu kweli aliishi hapa, au cheti chake ni cha kununua? Mahali popote ambapo sheria inatenga watu kwa maneno kama hayo, na ofisa mmoja ndiye anayepima, hapo ndipo hitaji la wakili linapozaliwa.

Mawakili wa San Francisco walitumia silaha ya zamani iliyotoka katika sheria za Kiingereza, ile ambayo hata sisi tuliirithi kutoka kwa wakoloni: kumwomba jaji amwamuru anayemshikilia mtu amlete mbele yake na aeleze anamshikilia kwa haki gani. Mchina aliyezuiwa melini aliombewa amri hiyo, akaletwa ufukoni, akasikilizwa. Jaji wa mahakama ya shirikisho mjini humo, Ogden Hoffman, hakuwa rafiki wa Wachina. Yeye mwenyewe aliona afadhali uhamiaji wao upunguzwe. Lakini alikuwa jaji, na sheria ilisema mtu anayelalamika kwamba ameshikiliwa bila haki lazima asikilizwe. Kesi hizo zilifika maelfu. Magazeti yalipiga kelele, na jaji akalalamika kwamba kazi imemzidi, lakini Wachina wengi waliofikishwa mbele yake waliruhusiwa kuingia.

Hapana shaka mnajiuliza: dobi asiyejua Kiingereza, aliyefungiwa ndani ya meli, alimpataje wakili? Jibu ni kwamba hakumtafuta peke yake. Wachina wa San Francisco walikuwa na vyama vya watu wa wilaya moja, mfano wa vyama vyetu vya watu wa kwetu, vya kusaidiana na kuzikana, ambavyo tunavijua mijini. Vyama vikubwa viliungana, na umoja huo Wazungu wakauita Makampuni Sita. Kila mwanachama alitoa ada yake, hata aliyekuwa anarudi kwao alipaswa kwanza kulipa madeni yake kwa chama. Kwa fedha hizo Makampuni Sita yaliajiri mawakili wa Kizungu kwa mikataba ya kudumu. Mtu akizuiwa bandarini, ndugu yake alikwenda chamani, na chama kilikuwa kinajua ni wakili gani amewahi kushinda kesi ya namna hiyo, ni yupi anakula fedha, na ni yupi anaogopwa na maofisa wa forodha.

Hilo ndilo fundisho la kwanza, wasikilizaji. Wale watu hawakuchagua wakili kwa kibao mlangoni wala kwa uzuri wa tai yake. Walimchagua kwa kesi alizokwisha zifanya, na kumbukumbu za kesi hizo zilitunzwa na watu wao wenyewe.

Hata hivyo, wakili si mganga, na mambo yalibadilika. Kibarua mmoja aitwaye Chae Chan Ping alikuwa ameishi San Francisco tangu mwaka 1875. Mwaka 1887 alikwenda kwao kutembea, mfukoni akiwa na cheti halali cha kumruhusu kurudi. Akiwa baharini njiani kurudi, tarehe 1 Oktoba 1888, sheria mpya ilipitishwa ikavifuta vyeti vyote vya namna hiyo. Watu wapatao 20,000 walikuwa na vyeti hivyo. Siku saba baadaye meli yake ilitia nanga, naye akaambiwa karatasi aliyoshika haina thamani tena. Mawakili walipigana mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1889 walishindwa. Mahakama ilisema kwamba kumfungia mgeni mlango ni mamlaka ya serikali yenyewe, na si kazi ya majaji kuyachunguza.

Naomba tusiipite hukumu hiyo haraka, kwa kuwa kivuli chake kinatufikia sisi. Mpaka leo, kwa kanuni, mahakama za Marekani haziingilii uamuzi wa ofisa wa ubalozi aliyemnyima mtu viza. Mahakama ya Juu ilirudia msimamo huo mwaka 2024. Kwa hiyo mtu akikuambia hapa mjini kwamba yeye ni wakili na ana uwezo wa kumlazimisha ofisa wa ubalozi akupe viza, jua kwamba anakuuzia kitu ambacho hakimo ghalani mwake. Wakili mwema anaweza kukusaidia kupanga hati zako, kukuonyesha kasoro, na kukueleza kama sheria inakuruhusu kuomba. Mlango wenyewe hana ufunguo wake.

Sasa nafika kwenye kiini cha mazungumzo ya leo. Mwaka 1892 Bunge la Marekani lilipitisha sheria nyingine, iliyoitwa kwa jina la mbunge Thomas Geary. Kila kibarua wa Kichina aliyekuwa tayari nchini alitakiwa ajiandikishe ndani ya mwaka mmoja na kupewa cheti cha ukaazi. Atakayekutwa bila cheti angekamatwa na kufukuzwa nchini. Kama alikuwa na sababu ya kukosa cheti, alipaswa kuthibitisha ukaazi wake kwa shahidi wa Kizungu mwenye kuaminika. Ushahidi wa Mchina mwenzake haukutosha.

Kwa watu waliokuwa wamekaa miaka 20 na zaidi, hii ilikuwa fedheha. Waliilinganisha na kuvishwa kibati kama mbwa. Makampuni Sita yalitafuta ushauri wa mawakili wakubwa kabisa, wakiwamo Joseph Choate, Maxwell Evarts na Hubley Ashton, watu wenye majina mazito New York na Washington. Rai iliyotolewa ilikuwa kwamba sheria hii inavunja katiba, na mahakama itaifuta. Basi Makampuni Sita yakabandika matangazo: msijiandikishe. Kila Mchina atoe dola moja kwa ajili ya kesi. Na watu wakatii. Muda ulipokwisha mwezi Mei 1893, katika Wachina zaidi ya 100,000 waliokuwapo nchini, waliojiandikisha walikuwa kama 13,000 tu.

Siku chache baadaye, tarehe 15 Mei 1893, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya Fong Yue Ting na wenzake wawili. Majaji watano walikubali sheria hiyo, watatu waliikataa. Walio wengi walisema kwamba kumfukuza mgeni nchini si adhabu ya kosa, bali ni njia tu ya kumrudisha kwao, na kwa hiyo zile kinga ambazo katiba humpa mshtakiwa hazimhusu. Jaji David Brewer, mmoja wa wale watatu, alipinga vikali, akaona kwamba kumwondoa mtu kwa nguvu kutoka nyumbani kwake, kwenye shughuli zake na kwa jamaa zake ni adhabu, tena adhabu kali. Lakini rai ya walioshindwa haimlindi mtu barabarani.

Hebu fikirini hali ilivyokuwa asubuhi ile. Watu zaidi ya 80,000 walilala wakiwa wamefuata ushauri wa viongozi wao na wa mawakili mashuhuri. Waliamka wakiwa watu wa kufukuzwa. Si kwa sababu walifanya uhalifu. Si kwa sababu walikuwa wavivu wa kujiandikisha. Ni kwa sababu walifuata mashauri ya ushindi, na ushindi haukuja.

Kilichowaokoa hakikuwa sheria. Serikali haikuwa na fedha za kuwasafirisha watu wengi kiasi hicho kuvuka bahari. Mwezi Novemba mwaka huo Bunge liliongeza miezi sita ya kujiandikisha, na safari hii watu walijiandikisha kwa wingi. Makampuni Sita yalipoteza heshima kubwa katika jambo lile, na haikuwa rahisi kuirudisha.

Mimi siwalaumu mawakili wale kwa kushindwa. Wakili hushinda na hushindwa, na kesi yenyewe ilikosa majaji wachache tu. Wala siwalaumu Wachina kwa kukataa kudharauliwa. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na swali ambalo uzito wake haukupimwa inavyostahili: tukishindwa itakuwaje? Wangeweza kumtoa mtu mmoja au watatu wakakamatwa kwa ajili ya kesi ya majaribio, na wengine wote wakajiandikisha huku wakisubiri. Kesi ingefika mahakamani vilevile. Badala yake jamii nzima iliwekwa rehani kwa karata moja.

Ndugu wasikilizaji, tangu siku ile mpaka leo, hilo ndilo swali kubwa la kumwuliza wakili yeyote wa uhamiaji. Mtu anapoingia ofisini huuliza, "Mheshimiwa, tutashinda?" Tapeli atamjibu upesi kwamba watashinda, tena kwa uhakika. Lakini ukimwuliza, "Tukishindwa itakuwaje? Nitabaki hapa nilipo au nitafukuzwa? Nikipeleka ombi hili, je, sijajipeleka mwenyewe mikononi mwao?", hapo utamtambua wakili na utamtambua mwuza maneno. Wakili atakaa chini akueleze. Mwuza maneno atakasirika.

Historia haikuishia kwenye kushindwa. Mwaka 1896 Mchina aitwaye Wong Wing, aliyekuwa amehukumiwa na kamishna mjini Detroit siku 60 za kazi ngumu kabla ya kufukuzwa, alishinda katika Mahakama ya Juu. Mahakama ilisema serikali yaweza kumfukuza mgeni, lakini haiwezi kumfunga na kumfanyisha kazi ngumu bila kumpeleka mbele ya mahakama ya haki. Na mwaka 1898 mpishi mmoja, Wong Kim Ark, alishinda kesi kubwa kuliko zote. Alizaliwa San Francisco mwaka 1873. Aliporudi kutoka China mwaka 1895 alizuiwa, akakaa miezi kadhaa akihamishwa kutoka meli hadi meli pwani ya mji aliozaliwa. Wakili Thomas Riordan, aliyekuwa na uzoefu mkubwa wa kesi za Wachina, alimwombea ile amri ya kuletwa mbele ya jaji. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu walisimama Evarts na Ashton, wale wale walioshindwa mwaka 1893. Safari hii majaji sita dhidi ya wawili walisema: aliyezaliwa katika ardhi ya Marekani na wazazi wanaoishi huko ni raia, hata kama wazazi wake hawaruhusiwi kuwa raia. Mwaka 2025 Rais Donald Trump alipotoa amri ya kuipunguza haki hiyo, hukumu ya mpishi huyu ndiyo iliyotajwa tena na tena mahakamani.

Tazama basi tofauti. Katika kesi ya Wong Kim Ark aliyebeba hatari ni mtu mmoja, hoja ilikuwa moja, na ushahidi wa kuzaliwa kwake ulikuwapo. Mawakili walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni namna kesi ilivyochaguliwa.

Baadaye mlango wa mahakama ulizidi kufungwa. Mwaka 1905 Mahakama ya Juu iliamua kwamba uamuzi wa maofisa wa uhamiaji ni wa mwisho hata kwa mtu anayedai kuwa ni raia. Kazi ya wakili ikahama kutoka mbele ya jaji ikaingia kwenye mafaili. Kuanzia mwaka 1910 wageni waliofika San Francisco kwa meli, Wachina wakiwa wengi, waliwekwa katika kituo cha kisiwa cha Angel Island, wakahojiwa kwa siku nyingi: nyumba yenu ina madirisha mangapi, kijiji kina visima vingapi, pipa la mchele linakaa wapi. Wakili hakuruhusiwa kukaa katika mahojiano ya kwanza. Aliitwa baada ya mtu kukataliwa, asome faili na kuandika rufaa ya kupeleka Washington.

Penye giza kama hilo, dalali hakosi. Tetemeko na moto wa mwaka 1906 viliteketeza kumbukumbu za uzazi za San Francisco, na ikawa vigumu kumkanusha Mchina aliyedai kwamba alizaliwa pale. Raia huyo alipokwenda China na kurudi aliandikisha kwamba amepata mtoto wa kiume, hata kama hakupata, na nafasi ya mtoto huyo ikauzwa. Kijana aliyeinunua alipewa jina jipya na kitabu cha majibu ya kukariri. Waliitwa wana wa karatasi. Wengi walifaulu kuingia, lakini waliishi miaka 30 au 40 kwa majina yasiyo yao, wakiogopa hodi ya mlangoni. Mwaka 1956 serikali ilipoanzisha mpango wa kuwataka waungame, kila aliyeungama aliwafichua na jamaa zake wote. Dalali alikwisha kula fedha zake zamani, akalala. Aliyenunua karatasi ndiye aliyelipa, yeye na watoto wake.

Mwaka 1952 Marekani ilitunga sheria kuu ya uhamiaji ambayo, pamoja na marekebisho mengi, ndiyo inayotumika mpaka leo. Sheria hiyo inasema kwamba mtu anayeshitakiwa ili afukuzwe nchini ana haki ya kuwa na wakili, lakini si kwa gharama ya serikali. Maneno hayo machache yana uzito wa gunia. Mwizi wa kuku asiye na fedha, kama anakabiliwa na kifungo, atapewa wakili na serikali. Mama mwenye watoto anayekabiliwa na kufukuzwa katika nchi aliyoishi nusu ya umri wake atasimama mbele ya jaji peke yake kama hana wa kumlipa. Na hoja iliyo nyuma yake ni ile ile ya mwaka 1893: kufukuzwa si adhabu.

Ndani ya sheria hiyo wakili mwenye bidii bado anaweza kufanya mambo makubwa. Mwanamuziki John Lennon wa Uingereza alitakiwa aondoke Marekani mwaka 1972 kwa sababu ya kosa la bangi alilohukumiwa London mwaka 1968. Wakili wake, Leon Wildes, hakupiga domo. Aliishitaki serikali ili impe kumbukumbu zake, akagundua kwamba idara ya uhamiaji ilikuwa na utaratibu wa kimya kimya wa kuacha kuwafukuza watu waliostahili huruma, utaratibu ambao maofisa walikuwa hawautangazi. Baada ya miaka minne, mwezi Julai 1976, Lennon alipata kadi yake ya ukaazi wa kudumu. Yeye alikuwa tajiri, lakini karatasi zile zilipofichuliwa ziliwafaa na maskini.

Upande wa pili yuko José Padilla, mzaliwa wa Honduras, aliyeishi Marekani kihalali miaka 40 na kutumikia jeshi lake wakati wa vita ya Vietnam. Alikamatwa na bangi ndani ya lori lake katika jimbo la Kentucky. Wakili wake wa jinai alimshauri akiri kosa, akamwambia asihofu kufukuzwa kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu. Ushauri huo ulikuwa wa makosa kabisa, maana kosa hilo humfukuzisha mtu karibu moja kwa moja. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilisema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kufukuzwa. Maana yake ni kwamba hata wakili mwenye leseni halali, kama uhamiaji si fani yake, anaweza kukuzamisha kwa neno moja la kukutuliza moyo.

Sasa turudi kwenye barua zenu. Ndugu zetu walioko Marekani wana mtego mmoja unaowahusu wao hasa. Hapa Tanzania, na kwa jirani zetu Kenya, notari wa umma kwa kawaida ni wakili. Tunakiona kibao, wakili, notari na kamishna wa viapo, na mtu ni mmoja. Kule Marekani notari wa umma ni mtu wa kushuhudia sahihi tu. Anaweza kuwa karani wa benki au mwenye duka, na hana ruhusa ya kumshauri mtu juu ya uhamiaji. Watu wa Amerika ya Kusini wametapeliwa sana kwa neno hilo, kwa kuwa kwao notari ni mwanasheria mkubwa. Sisi tusiingie katika shimo lile lile.

Wakili wa Marekani lazima awe na leseni ya jimbo, na kila jimbo lina orodha ya mawakili wake ambayo mtu yeyote anaweza kuiuliza. Kwa kuwa uhamiaji ni sheria ya taifa zima, leseni ya jimbo lolote inatosha. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumwuliza amepewa leseni na jimbo gani, kisha kuuliza huko kama jina lake limo na kama amewahi kuadhibiwa. Yapo pia mashirika ya hisani ambayo Wizara ya Sheria ya Marekani imeyatambua, na watumishi wao walioidhinishwa wanaweza kumwakilisha mtu ingawa si mawakili. Mahakama za uhamiaji nazo zina orodha ya watoa msaada wa bure. Msaada huo ni adimu, lakini upo, na kuuliza si ujinga.

Wakili anayeshughulikia ombi lako huweka jina na sahihi yake katika fomu maalumu, iitwayo G-28, inayowaambia maofisa wa uhamiaji kwamba yeye ndiye anayekuwakilisha. Anayekula fedha zako lakini hataki jina lake lionekane katika faili lako, anajua kwa nini hataki. Usitie sahihi fomu tupu. Usikubali kuandikiwa hadithi isiyo yako, maana uwongo ule utabaki katika faili hata baada ya mwandishi wake kuhama mji. Dai mkataba wa maandishi, stakabadhi, na nakala ya kila karatasi. Na kama wakili halali ameiharibu kesi kwa uzembe, uamuzi wa bodi ya rufaa za uhamiaji wa mwaka 1988 uliweka utaratibu wa kulalamika na kuomba kesi ifunguliwe tena. Bila nakala na stakabadhi utalalamika kwa ushahidi gani?

Kuna na mambo ambayo hayahitaji wakili hata kidogo. Bahati nasibu ya viza za Marekani, iliyoanza kutoa viza mwaka 1995, kwa miaka mingi ilikuwa haina ada ya kuingia, lakini hapa kwetu watu walilipa fedha nyingi kwa vishoka walioahidi kuwaongezea bahati. Bahati nasibu haina kiongeza bahati.

Najua mtu mwenye shida atasema, "Ndugu mtangazaji, mimi sina muda wa kuchunguza leseni, ndugu yangu yuko mahabusu leo." Namwelewa. Ndiyo maana narudia mfano wa Makampuni Sita. Uchunguzi huo haufanywi siku ya msiba. Jumuiya za Watanzania na za Wakenya zilizoko katika miji ya ng'ambo hukutana kwa harusi, kwa misiba na kwa sikukuu za uhuru. Katika mikutano hiyo na iwekwe orodha: wakili gani alimsaidia nani, kwa gharama gani, na nani alikula fedha akatokomea. Dola moja moja ya madobi ilitosha kuwaajiri mawakili wakubwa wa nchi ile. Mfuko mdogo wa jumuiya hautashindwa kulipia saa moja ya ushauri wa wakili wa kweli kabla mwenzetu hajatia sahihi karatasi ya maangamizi.

Na siku hiyo atakapokaa mbele ya wakili huyo, kabla hajatoa fedha mfukoni, na aulize lile swali lililohitajika San Francisco mwaka 1892: tukishindwa itakuwaje? Kisha anyamaze, asikilize jibu. Tuonane juma lijalo.